Kuhama intaneti ya nyumbani: yaliyofichwa ndani ya "ada ya kuvunja mkataba"

Watu wanaoniletea bili zao za mwisho karibu wote huuliza swali moja: "Hii ada ya kuvunja mkataba ni halali kweli?" Huwa siwezi kujibu hadi nijue imetokana na nini. Kazi yangu ni kusoma mikataba ya intaneti ya nyumbani kwa niaba ya wateja, na mara nyingi nakuta kiasi kikubwa kimeandikwa kwenye mstari mmoja tu wa bili, kumbe ndani yake kuna madeni kadhaa yaliyorundikwa pamoja. Mengine mteja anadaiwa kweli. Mengine hupungua akihoji. Na yapo ambayo hayakupaswa kuwepo kabisa.

Kwa hiyo kabla hujatoa notisi, na kabla hujalipia chochote kwa kampuni unayotaka kuhamia, omba kwa maandishi mchanganuo wa gharama za kuondoka kwa tarehe unayoitaja wewe. Barua pepe inatosha. Ukijibiwa kwa simu, waombe wakuandikie walichokuambia, kwa sababu atakayeandaa bili yako huenda hatajua umeahidiwa nini na mwenzake.

Deni kubwa huwa ni la miezi iliyobaki. Ulisaini miezi 12, 18 au 24, ukiondoka katikati kampuni inadai ada za miezi ambayo hujaimaliza, zote au sehemu yake. Dai hilo lina msingi. Kampuni ilivuta waya hadi kwako, ikakupa ruta, pengine ikamlipa kamisheni wakala aliyekuandikisha, na ilitegemea fedha hizo zirudi kidogo kidogo kupitia ada ya kila mwezi. Nisichokubali ni kudai ada nzima ya kila mwezi uliobaki kana kwamba bado inakuhudumia. Ukishaondoka, kampuni hainunui tena uwezo wa mtandao kwa ajili yako, haipokei simu zako, haitumi fundi mvua ikiharibu waya. Tena inapokea leo, kwa mkupuo, fedha ambazo ingezisubiri kwa miezi.

Hayo si maoni yangu peke yangu. Uingereza, msimamizi wa mawasiliano Ofcom anaeleza katika mwongozo wake kwamba ada ya kutoka isizidi malipo yaliyobaki, na kwamba gharama ambazo kampuni imeziepuka zinatakiwa kupunguzwa humo. Italia ilipitisha sheria mwaka 2007 inayozuia kumtoza anayeondoka gharama ambazo kampuni haiwezi kuzithibitisha. Ufaransa nayo, kwa sheria ya mwaka 2008, iliweka ukomo: katika mkataba wa miezi 24, ukishavuka mwezi wa 12 hudaiwi zaidi ya robo ya malipo yaliyobaki, na baadaye kiwango hicho kikashushwa zaidi. Hata kama unaishi mahali pasipo na kanuni ya aina hii, hoja yenyewe haibadiliki. Iandike kwenye barua yako: "Naomba mnionyeshe gharama mlizoziepuka mmezipunguza wapi." Nimeona kampuni zikishusha kiasi kwa swali hilo tu, hasa mteja anapokuwa na lugha ya upole na tarehe zote mkononi.

Vifaa ni deni jingine. Soma kama ruta uliazimwa, umekodishwa, au unainunua kwa awamu, kwa sababu kila hali ina jibu lake. Sheria ya mawasiliano ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018 inasema mteja mwenye haki ya kuvunja mkataba mapema akiondoka na kubaki na kifaa alichopewa pamoja na huduma, fidia isizidi thamani ya kifaa iliyosalia kwa uwiano wa muda, au malipo ya huduma yaliyobaki, lolote lililo dogo. Ni kipimo cha haki, na unaweza kukitaja popote kama mfano unapojadiliana.

Kama unarudisha, piga picha kila kitu kabla hakijatoka nyumbani: ruta, adapta yake ya umeme, rimoti kama ulipewa king'amuzi, na hasa kile kibandiko cha chini chenye namba ya kifaa. Mteja wangu mmoja alirudisha ruta kaunta na bado akatozwa bei yake yote. Risiti yake iliandikwa "kifaa 1", bila namba. Kampuni ikasisitiza kwamba kilichopokelewa hakilingani na kumbukumbu zao. Picha ya kibandiko iliyokuwa kwenye simu yake, ikiwa na tarehe, ndiyo iliyomaliza ubishi. Tangu hapo nawaambia wote: usiondoke kaunta mpaka namba ya kifaa iandikwe kwenye risiti. Na kile kisanduku kidogo cha faiba kilichofungwa ukutani usikibandue kabla hujauliza, maana mara nyingi hutakiwa kibaki na nyumba.

Halafu kuna punguzo linalorudi kudaiwa. "Ufungaji bure" na "miezi mitatu ya kwanza nusu bei" mara nyingi ni bure kwa masharti: ukiondoka mapema, unarejesha. Kipengele chenyewe hukaa ndani kabisa ya vigezo na masharti, kwa maneno kama "mteja atarejesha thamani ya ofa aliyopokea". Hapa nakuomba uwe makini sana, kwa sababu ndipo ninapokuta makosa mengi. Kampuni ikikudai ada zote za miezi iliyobaki, gharama ya ufungaji tayari imo ndani ya ada hizo. Ndivyo ilivyopanga kuirudisha tangu mwanzo. Ikikudai na ufungaji juu yake, imekutoza kitu kimoja mara mbili. Hilo pinga bila kusita.

La mwisho ni notisi, na wengi hulidharau kwa kuwa siku 30 zinasikika chache. Tatizo ni siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini. Mikataba mingine huzihesabu kuanzia siku ulipoandika, mingine kuanzia bili inayofuata. Ukiandika siku mbili baada ya bili kutoka, katika mkataba wa aina ya pili utajikuta unalipia karibu miezi miwili. Afadhali kutuma notisi siku chache kabla ya tarehe ya bili.

Angalia pia kama mkataba unajihuisha wenyewe muda ukiisha. Ipo mikataba ambayo ukinyamaza inakufunga tena mwaka mzima. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelibana hilo: mkataba wa kwanza usizidi miezi 24, na ukishajihuisha, mteja anaweza kuondoka wakati wowote kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Uingereza nayo, tangu Februari 2020, kampuni zinalazimika kumtaarifu mteja kwamba muda wake wa kufungwa unakaribia kwisha na kumwonyesha bei atakayolipa baada ya hapo. Usipokuwa na ulinzi wa namna hiyo, weka kikumbusho kwenye simu siku ile ile unayosaini.

Je, inalipa kuhama mapema?

Hapa pana hesabu ambayo matangazo ya kampuni mpya hayakuonyeshi. Tuseme unalipa 1,000 kwa mwezi, kwa fedha yoyote unayotumia, na umebakiza miezi tisa. Kampuni mpya inakuuzia kasi ile ile kwa 700. Ukibaki, miezi hiyo tisa itakugharimu 9,000. Ukihama leo na ukadaiwa ada zote zilizobaki, utalipa 9,000 za kutoka, na bado utalipa 6,300 za huduma mpya: jumla 15,300. Hata ada ya kutoka ikipunguzwa hadi asilimia 60, utalipa 5,400 na 6,300, yaani 11,700. Bado umepata hasara ya 2,700.

Kwa hiyo chukua ada ya kutoka kama asilimia ya malipo yaliyobaki, jumlisha bei mpya kama asilimia ya bei ya zamani. Ikizidi 100, unapoteza fedha kwa kuhama mapema. Kwa mfano wetu, bei mpya ni asilimia 70, kwa hiyo kuhama kunalipa pale tu ada ya kutoka inapokuwa chini ya asilimia 30. Kwa bei peke yake, mara nyingi ni bora kusubiri. Huduma mbovu ni habari nyingine, hasa kama kipato chako kinategemea intaneti.

Kampuni mpya ikiahidi "tutakulipia ada ya kuvunja mkataba", uliza kama ni fedha taslimu au ni salio kwenye bili zako zijazo, kiwango cha juu ni kipi, na una siku ngapi za kuwasilisha bili ya mwisho ya kampuni uliyoiacha. Ukichelewa siku hizo, ahadi imekufa.

Na kampuni ya zamani ikikupa punguzo ili ubaki, au ukiongeza kasi ya kifurushi chako, uliza swali hili kabla ya kusema ndiyo: muda wa mkataba unaanza upya? Mara nyingi unaanza. Mtu aliyebakiza miezi miwili anajikuta amefungwa miezi 24 mingine kwa sababu ya kuongezewa kasi ambayo pengine hakuihitaji.

Unapoweza kuondoka bila kulipa

Katika nchi nyingi, kampuni ikibadilisha masharti kwa hasara yako, kwa mfano kwa kupandisha bei, una haki ya kuondoka bure ndani ya muda maalumu baada ya kutaarifiwa. Lakini kama ongezeko liliandikwa tangu mwanzo kwenye mkataba, kampuni itasema hakuna kilichobadilika, ulishakubali. Uingereza walikuwa na mikataba inayopandisha bei kila mwaka kwa mfumuko wa bei na asilimia kadhaa juu yake, na mteja hakuwa na pa kutokea. Ofcom ilipiga marufuku mtindo huo kwa mikataba mipya kuanzia 17 Januari 2025. Sasa ongezeko lazima liandikwe wazi kwa kiasi cha fedha.

Kasi ndogo kuliko uliyoahidiwa nayo inaweza kukutoa, ila ushahidi lazima ukamilike. Kupima kwa simu ukiwa chumbani, kwa Wi-Fi, hakutoshi. Kampuni itasema tatizo ni kuta zako. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zima vifaa vingine, pima saa tofauti kwa siku tofauti, hifadhi kila tokeo. Ujerumani utaratibu rasmi wa msimamizi wao unadai vipimo 30 vilivyogawanywa katika siku tatu. Kiwango hicho nakipenda, na nakipendekeza hata kwa anayeishi kwingine, kwa sababu ni vigumu kukibeza.

Ukihamia nyumba ambayo kampuni haifiki, uliza masharti ya kuhama makazi kabla hujafungasha. Ujerumani, kwa mfano, mteja wa hali hiyo anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

Usikate kabla hujaunganishwa

Kosa linalogharimu sana ni kukata huduma ya zamani kwanza. Kama kampuni mpya itatumia laini ile ile iliyopo nyumbani, au unataka kuhama na namba yako ya simu ya mezani, wewe usikate kitu: kampuni mpya ndiyo inayopaswa kuiomba laini na namba. Ukikata mwenyewe, namba inaweza kupotea. Uingereza tangu Septemba 2024 mteja anazungumza na kampuni mpya tu, na hiyo ndiyo inayomalizana na ya zamani. Kama mitandao ni miwili tofauti kabisa, subiri mpya ifungwe na uipime siku kadhaa, ndipo utume notisi. Siku chache za kulipia huduma mbili ni nafuu kuliko wiki mbili za kumsubiri fundi bila intaneti.

Kumbuka na barua pepe. Kama anwani yako imetolewa na kampuni unayoiacha, hamisha kwanza akaunti za benki na nyinginezo zinazoitumia, maana anwani inaweza kufungwa pamoja na laini.

Malipo ya moja kwa moja kutoka benki usiyafute siku ya kutoa notisi. Bili moja ikikosa kulipwa inaweza kugeuka faini, na deni dogo likapelekwa kwa wakusanya madeni. Subiri bili ya mwisho, ilinganishe na ule mchanganuo ulioomba mwanzoni, mstari kwa mstari. Kama ulilipa mwezi mzima mbele na ukaondoka katikati, au uliweka amana siku ya kwanza, dai kurudishiwa kwa maandishi, utaje na akaunti ya kuwekea. Fedha zikisharudi, ndipo ufute malipo hayo ya benki.