Msimamizi wa mirathi si mlezi wa watoto

Tanzania Bara, mtu akifariki bila wosia, kwa kawaida ukoo hukaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na mahakama ndiyo humteua. Kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni, kugawa kinachobaki kwa warithi na kurudisha hesabu ndani ya miezi 4, au zaidi mahakama ikimwongezea muda. Mali haiwi yake, hata kama ni kaka mkubwa wa marehemu.

Mlezi ni habari nyingine. Ndiye anayekaa na watoto, anayejua nani ana pumu, anayeitwa shuleni. Yeye hamalizi kazi mpaka mtoto atimize miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazazi wakiwa wamefariki, jukumu hilo laweza kupewa ndugu wa upande wa baba au wa mama, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila.

Tuseme wazazi wameacha nyumba Mbagala, vyumba vitatu vimepangishwa, na watoto wa miaka 6 na 11. Baba mdogo ndiye msimamizi, watoto wamechukuliwa na mama mkubwa Morogoro. Kodi inaingia kwa baba mdogo, ada anadaiwa mama mkubwa. Hakuna aliyeiba. Ila hakuna palipoandikwa kodi ile ifanye nini, na wa miaka 6 hawezi kukabidhiwa fungu lake. Anahitajika mtu wa kumshikia kwa miaka 12, yaani mdhamini, na huyo ndiye wazazi wengi humsahau.

Wote watatu unaweza kuwataja kwenye wosia, ingawa mahakama inaweza kumkataa asiyefaa. Mimi nisingempa mtu mmoja kazi zote: anayependa watoto apewe watoto, anayejua kutunza risiti apewe fedha, na kila mmoja aulizwe kwanza. (Wapo waliojua kuwa ni walezi siku ya matanga.)

Wosia wa maandishi wa kimila unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika; asipojua, wanne. Shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu humo. Kwa Waislamu mafungu ya warithi yamekwishapangwa: wosia hauvuki theluthi moja ya mali, wala haumwongezei mrithi pasipo wenzake kuridhia. Hata hivyo theluthi hiyo ina kazi kubwa kwa mtoto wa kulea au mjukuu asiyerithi, na mzazi bado anaweza kuusia nani awatazame wanawe.

RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, hupokea na kutunza wosia, na mwenyewe anaweza kuubadilisha wakati wowote akiwa na akili timamu. Akizaliwa mtoto mwingine, ubadilishwe. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote vikae pamoja na wosia, kwa sababu asiye na cheti chenye jina la baba ndiye wa kwanza kuulizwa kwenye kikao, "Na huyu ni wa nani?"