Maana ya Utambuzi wa Wanyama Wadogo wa Baharini

Utambuzi wa mnyama wa baharini asiye na uti wa mgongo ni kazi ya kumchunguza kiumbe huyo mpaka ifahamike ni wa kundi gani na, pale inapowezekana, ni wa spishi ipi. Haitoshi kumlinganisha na picha, kwa kuwa picha huvuta jicho kwenye rangi, na katika jambo hili rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Spishi moja huweza kuwa na rangi kadhaa kulingana na umri au chakula, na spishi mbili zisizo na undugu wa karibu huweza kushabihiana kiasi cha kumpotosha hata mzoefu.

Hilo huonekana wazi kwa nudibranki, yaani konokono bahari waliopoteza gamba wanapokua, ambao spishi zao zilizokwisha kuelezwa ni zaidi ya 2,000. Wengi hawazidi sentimita chache, na mara nyingi huchanganywa na minyoo bapa, ambao baadhi yao wana rangi zilezile. Anayetaka kuwatofautisha aanze na kichwa. Nudibranki ana vipembe viwili vilivyosimama, ambavyo mara nyingi vina mikunjo myembamba iliyopangana, navyo hunusia kemikali zilizomo majini. Mnyoo bapa hana vipembe vya namna hiyo, bali kwa wengi wao ukingo wa mbele wa mwili hujikunja tu ukafanana na masikio mawili. Kisha atazame mgongo. Wengi wa kundi la doridi wana shada la matamvua ya kupumulia lililozunguka tundu la haja upande wa nyuma, na wengi hulirudisha ndani upesi wakiguswa. Wale wa kundi la eolidi wamejaa vidole laini mgongoni, na kwenye ncha za vidole hivyo wengi wao huhifadhi chembe zinazowasha walizozipata kwa kula anemoni na haidroidi, wanyama walio jamaa wa yavuyavu. Mnyoo bapa hana chochote cha aina hiyo cha kupumulia. Hupumua kwa ngozi.

Kwa sababu nudibranki wengi hula aina chache tu za mawindo, sponji au haidroidi aliyokutwa juu yake ni sehemu ya ushahidi, na ni kosa kubwa kumpiga picha mnyama peke yake bila kuonyesha alipokuwa.

Miongoni mwa gegereka (jamii ya kaa na kamba) wadogo wa kwenye mwani, umbo hutoa jibu haraka zaidi: amfipodi amebanwa ubavuni, isopodi amebanwa juu na chini.

Wakati bora wa kutazama ni bamvua, mwezi unapoandama au kukamilika, maana maji hukupwa mbali. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe kama lilivyokuwa, kwani viumbe walioshikamana na upande wa chini hufa wakiachwa juani. Konokono wa jamii ya koni wasishikwe hata kidogo, kwa sababu sumu ya baadhi yao imewahi kuua watu.

Spishi nyingi hutenganishwa kwa meno ya ulimi yanayohitaji hadubini, au kwa vinasaba. Mwenye picha pekee akiishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, amefanya utambuzi halali, na kumbukumbu yake ina manufaa kuliko jina la spishi lililokisiwa.