Mshahara wa baharia ukikosa miezi miwili

Makontena tunayoyaona yakishushwa Embakasi yamefika Mombasa kwa meli zenye mabaharia 20 hivi kila moja, na wengine wana mama na wake hapa hapa Nairobi. Mimi ni kasisi wa mabaharia, na leo nawaandikia hao wa nyumbani.

Nikipanda meli, nikishajiandikisha kwenye daftari la wageni pale juu ya ngazi, huenda moja kwa moja chumba cha kulia. Humo ndimo shida huonekana kwanza. Matunda hakuna, nyama imekwisha, wali na vitunguu siku ya tatu sasa. Maji ya kunywa yanapimwa kwa chupa. Jenereta inawashwa saa chache tu ili dizeli isiishe, na friji imeanza kunuka. Mwenye meli ameishiwa, au ameamua kutolipa.

Nyumbani dalili ni moja: pesa hazijaingia. Baharia mwenyewe hatasema, maana hataki mama akose usingizi. Basi hesabuni ninyi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 ulirekebishwa, na tangu Januari 2017 mwenye meli asiyelipa mshahara kwa miezi miwili anahesabiwa amewatelekeza mabaharia wake, hata kama meli bado inatembea. Hapo bima yake inapaswa kugharamia chakula, maji, matibabu na safari ya kurudi nyumbani, pamoja na malimbikizo ya mshahara yasiyozidi miezi 4. Hiyo 4 ndiyo inayoniuma. Anayevumilia miezi 9 kwa ahadi za "wiki ijayo" atalipwa 4 na bima, na 5 iliyobaki ataidai mahakamani, pengine mpaka meli ikamatwe na kuuzwa. Na kushuka tu si rahisi: bandari haikubali meli ibaki bila watu, naye anaogopa kwamba akiondoka haki yake imepotea.

Kabla hajasafiri, bakini na nakala ya mkataba wake wa kazi na namba ya IMO ya meli, yaani namba ya utambulisho inayotambulika kimataifa. Ni tarakimu 7, na haibadiliki hata meli ikipewa jina na bendera nyingine. Jina peke yake halitoshi kuitafuta. Akishafika melini apige picha cheti cha bima kilichobandikwa ukutani, kina anwani ya kampuni ya bima. Mkiwa na hivyo vitatu, KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) au mkaguzi wa ITF (shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi) aliye Mombasa ana pa kuanzia. (Na wakala anayedai pesa ili ampe kijana kazi melini, mkimbieni. Baharia hujilipia pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari, basi.)

Akipiga simu msimuulize kama ni mzima, atasema mzima. Muulizeni jana jioni alikula nini.