Kwa nini madijei wa zamani walificha majina ya waimbaji?

Wakusanyaji wa santuri za soul na disko wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu jina moja tu. Nani hasa aliimba upande B, yaani upande wa pili, wa santuri iliyotoka mwaka 1965? Prodyuza alikuwa nani? Ilitengenezwa kiwanda gani, na je, jina lililo kwenye lebo ni la mwimbaji wa kweli? Asiyekuwa mmoja wao huyaona haya kuwa mambo madogomadogo, lakini yana chanzo chake. Katika muziki huu, kwa miongo kadhaa, majina yalifichwa kwa makusudi, na aliyeyajua alikuwa ameshika mali.

Tuanze Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1950. Muziki ulipigwa uwanjani kwa spika kubwa, na kila mwenye mitambo alipigania wateja na mpinzani wake. Wapinzani wakubwa walikuwa Clement Dodd, aliyejulikana kama Coxsone, na Duke Reid, askari polisi wa zamani. Wote wawili walitegemea santuri za Marekani, na ushindi ulikuwa kwa yule mwenye kibao ambacho mwenzake hana. Dodd alikuwa akikwangua lebo za santuri zake ili hata mtu akichungulia juu ya mtambo asisome kitu. Wimbo wake mkuu aliutangaza kwa jina la "Coxsone Hop". Wacheza dansi hawakujua kwamba wimbo huo uliitwa "Later for the Gator" na kwamba mpiga saksafoni alikuwa Mmarekani Willis Jackson. Reid alipofanikiwa kuugundua na kuupiga kwenye mitambo yake, silaha ya Dodd ikawa imekwisha makali.

Sababu ya kwanza, basi, ni biashara. Santuri haikuwa siri yenyewe, kwani mtu yeyote mwenye jina lake angeweza kuiagiza. Siri ilikuwa jina.

Ujanja huo ulivuka bahari. Clive Campbell alizaliwa Kingston mwaka 1955 na kuhamia Bronx, New York, akiwa na miaka 12. Dunia inamjua kama Kool Herc. Sherehe yake ya tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick hutajwa kuwa mwanzo wa hip hop. Herc ameeleza kwamba baba yake ndiye aliyemshauri aloweke santuri kwenye maji na kubandua lebo, ili madijei wengine wasijue ametoa wapi ile midundo. Mmoja wa midundo hiyo ulikuwa "Apache" ya Incredible Bongo Band, kundi lililokusanywa studio tu, lenye ngoma ndefu zilizowachengua wachezaji.

Wiki sita tu baada ya sherehe hiyo, tarehe 23 Septemba 1973, ukumbi wa Wigan Casino ulifungua milango yake kwa usiku wa soul kaskazini mwa Uingereza. Hapa ndipo ufichaji wa majina ulipokomaa, na ndipo penye simulizi tamu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Vijana wa miji ya viwanda kama Manchester, Stoke na Wigan walipenda soul ya Marekani ya katikati ya miaka ya 1960: mwendo wa kasi, ngoma nzito, sauti yenye uchungu. Mwandishi na mfanyabiashara wa santuri Dave Godin ndiye aliyeupa mtindo huo jina la Northern Soul. Lakini kufikia mwaka 1970 Wamarekani wenyewe walikuwa wameshahamia funk, na santuri za aina ile hazikuwa zikitengenezwa tena. Madijei wa kumbi za Twisted Wheel, Golden Torch na Blackpool Mecca wangewapa nini wateja wao kila wiki? Njia ilikuwa moja tu: kutafuta nyimbo za zamani ambazo hazikuwahi kusikika.

Na nyimbo hizo zilikuwepo. Detroit, Chicago, Philadelphia na Los Angeles zilikuwa na kampuni ndogondogo nyingi zilizotoa santuri chache, zikakosa redio, zikafa. Shehena zililala maghalani. Dijei aliyesafiri hadi Marekani aliweza kurudi na masanduku ya santuri alizonunua kwa senti, na ndani yake kukawa na moja ya kutikisa ukumbi. Richard Searling alirudi hivyo na santuri ya Gloria Jones yenye "Tainted Love", wimbo wa upande B uliotoka mwaka 1965 na kupita kimya. Uliwasha moto kumbi za kaskazini, na mwaka 1981 kundi la Soft Cell likaurudia na kushika namba moja Uingereza. (Swali wanalopenda kuulizana wakusanyaji: Gloria Jones huyohuyo alishiriki kutunga wimbo gani wa Motown, kampuni ya soul ya Detroit? Jibu ni "If I Were Your Woman", ulioimbwa na Gladys Knight na kundi la Pips.)

Sasa fikiria dijei amepata nakala pekee inayojulikana nchini. Akiitaja, kesho yake wapinzani watapiga simu Marekani. Balaa kubwa zaidi ni kwamba wachapaji wa nakala haramu wangeitengeneza upya kwa mamia na kuiuza mlangoni, na umaarufu wa yule dijei ungeyeyuka. Kwa hiyo alichukua karatasi nyeupe, akaibandika juu ya lebo, na akabuni jina la mwimbaji na jina la wimbo. Wachezaji waliinua mikono kwa msanii ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Mfano maarufu kuliko yote ni wa Frank Wilson. Mwaka 1965 aliimba "Do I Love You (Indeed I Do)" kwa ajili ya Soul, lebo dada ya Motown. Nakala za majaribio zilitengenezwa, kisha Berry Gordy, mwenye Motown, akamuuliza kama kweli anataka kuwa mwimbaji au prodyuza. Wilson alichagua uprodyuza, na karibu nakala zote zikaharibiwa. Hakukosea njia: jina lake liko kwenye "Love Child" ya Supremes na "Keep On Truckin'" ya Eddie Kendricks. Lakini nakala moja ilifika mikononi mwa wakusanyaji katika miaka ya 1970, na wimbo ukaanza kuzunguka kumbi za Uingereza kwa jina la Eddie Foster. Watu waliupenda, wakaucheza, wakanunua nakala haramu, na Wilson hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Mwaka 1979 Tamla Motown iliutoa rasmi Uingereza, safari hii kwa jina lake. Mwaka 2009 nakala moja ya awali iliuzwa kwa pauni 25,742, na mwaka 2020 nyingine ikauzwa kwa pauni 100,000.

Nakiri wazi upande ninaosimamia. Naelewa hofu ya madijei, na bila wao nyimbo hizi zingeoza maghalani. Lakini aliyelipia siri hiyo ni mwimbaji. Nakala haramu yenye jina la bandia haimpi mwenye sauti hata senti, na wala haimfikishii habari kwamba kuna ukumbi uliojaa watu wanaomlilia. Ndiyo maana naheshimu ubishi wa wakusanyaji. Kila jina la bandia lililovuliwa lilimrudisha mtu halisi mahali pake. Dean Parrish ni mfano mzuri. Wimbo wake "I'm on My Way" ulikuwa mmoja kati ya nyimbo tatu zilizofunga kila usiku wa Wigan Casino kabla ya saa mbili asubuhi. Mwenyewe alikuwa New York, jina lake la kuzaliwa ni Phil Anastasi, na ilichukua miaka mingi kabla hajajua kwamba huko Uingereza yeye ni nyota.

Je, siri ilifichuliwaje bila intaneti? Kwa macho, kwanza. Kati ya mwisho wa wimbo na lebo kuna eneo laini lisilo na muziki, na hapo mafundi huchonga namba na alama. Karatasi ya kubandika hufunika lebo, haifiki huko. Santuri iliyotengenezwa katika kiwanda cha Monarch, Los Angeles, ina alama ya pembetatu na namba inayopanda kadiri miaka inavyokwenda, hivyo mjuzi anaweza kukisia hata mwezi ilipotengenezwa. Iliyokatwa, yaani iliyochongwa sauti yake, New York kwenye studio ya Bell Sound mara nyingi ina mhuri wa jina hilo. Ukipata nafasi ya kuchungulia kwa sekunde tano tu, unaweza kuondoka na namba kichwani na kwenda kuitafuta.

Mkono nao unasoma. Viwanda vingi vya Marekani, hasa vya California, vilitumia plastiki ya stairini badala ya vinaili. Ni nyepesi, ngumu, na ukiigonga kwa kucha hulia kwa ukali. Lebo yake hugandishwa kwa gundi, wakati ya vinaili hukandamizwa pamoja na plastiki yenyewe. Stairini huchakaa haraka chini ya sindano, na hii ni sababu mojawapo ya nakala safi za soul ya miaka ya 1960 kuwa adimu hivi.

Lakini madijei hawakuwa peke yao katika kuficha majina. Kampuni za muziki zilikuwa mabingwa zaidi yao. Sandi Sheldon, mwimbaji wa "You're Gonna Make Me Love You", kwa kweli ni Kendra Spotswood, aliyefanya kazi na mtunzi Van McCoy. Motown haikuwataja wapigaji wake, wale Funk Brothers waliocheza kwenye vibao vyake karibu vyote vya Detroit. Walitajwa kwa mara ya kwanza kwenye albamu ya Marvin Gaye, "What's Going On", ya mwaka 1971. Wengi wao walikuwa wakitoroka usiku na kupiga kwenye studio nyingine mjini, ingawa mkataba uliwakataza. "Cool Jerk" ya kundi la Capitols, ya mwaka 1966, ni kazi ya mikono yao, na haikuwa na jina la Motown wala la mmoja wao.

Kisa kinachoniuma zaidi kilitokea baadaye, wakati vipande vya santuri hizi vilipogeuka malighafi ya house, muziki wa dansi wa mashine. Mwaka 1989 "Ride on Time" ya kundi la Kiitaliano Black Box ilikaa namba moja Uingereza kwa wiki sita, na ikawa singo iliyouzwa kuliko zote mwaka ule. Kwenye televisheni alionekana mwanamitindo Katrin Quinol akifungua na kufumba mdomo. Mtu yeyote aliyekuwa na santuri ya "Love Sensation" ya mwaka 1980 aliitambua sauti ndani ya sekunde chache: Loleatta Holloway, mwimbaji aliyeanzia kwenye injili huko Chicago. Hakuwa ametajwa wala kulipwa. Ilibidi sheria iingilie kati mpaka wakafikia makubaliano. Martha Wash alikumbwa na jambo kama hilo: aliimba kwenye nyimbo nyingine za Black Box na kwenye "Gonna Make You Sweat" ya C+C Music Factory, huku wanawake wengine wakiwekwa mbele ya kamera. Alifungua kesi, na kesi zake zilichangia kuzifanya kampuni ziwe makini kutaja waimbaji halisi.

Leo mtu hutoa simu mfukoni na kuielekeza kwenye spika. Shazam, huduma ya kutambua nyimbo kwa kuzisikiliza, ilianza Uingereza mwaka 2002, wakati huo ukipiga namba 2580 na kuiacha simu isikilize. Discogs, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za santuri iliyoanzishwa mwaka 2000, imekusanya picha za lebo na zile namba zilizochongwa ambazo zamani zilikuwa siri ya watu wachache. Ungedhani mchezo umekwisha, lakini bado kuna madijei wa Northern Soul wanaobandika karatasi. Programu hulinganisha sauti na hifadhi yake, na wimbo ambao haukuwahi kuingizwa humo haiwezi kuutambua. Santuri za majaribio zilizokatwa moja au mbili studio na kusahaulika bado zinajitokeza, nyingine zikiwa hazina jina lolote kwenye lebo.

Hapo kazi hurudi masikioni. Msikilizaji mzoefu hamwanzii mwimbaji. Husikiliza besi kwanza: kama inazunguka na kuruka kama ya James Jamerson wa Funk Brothers, basi ni Detroit, na huenda mtu alitoroka Motown usiku ule. Kisha huuliza ni studio zipi za mji huo zilizokuwa wazi mwaka ule, nani alizimiliki, na ni waimbaji gani walikuwa na mkataba huko.