Ampea za betri na ampea za fezi: jinsi ya kuchagua kontrola ya baiskeli ya umeme yenye nguvu

Kontrola ni lile sanduku la alumini linalokaa kati ya betri na mota. Betri hutoa mkondo mnyoofu, ilhali mota isiyo na brashi hutaka mkondo geu kwenye nyaya tatu nene, yaani fezi tatu. Ndani ya sanduku, transista hujifungua na kujifunga maelfu ya mara kwa sekunde, zikifuata mkono wa mafuta na vihisi vinavyoonyesha rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, imefika wapi.

Wauzaji hupenda kutangaza wati: 3000, 5000, 8000. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo namba yenye msaada mdogo kuliko zote. Kwenye mlima, au unapoondoka na mzigo, kinacholisukuma gurudumu ni ampea za fezi, yaani mkondo unaopita kwenye zile nyaya tatu za mota, na hizo si sawa na ampea zinazotoka kwenye betri.

Kontrola hushusha volti na kupandisha ampea. Chukua betri ya volti 72. Gurudumu likienda polepole, volti 12 tu zinaweza kutosha kupitisha ampea 150 kwenye mota. Hizo ni wati 1800, na betri huzitoa kwa ampea 25 hivi, pamoja na kidogo kinachopotea kama joto. Ndiyo maana kontrola mbili zote zilizoandikwa "ampea 50", yaani za betri, zinaweza kutofautiana sana mlimani: yenye kikomo cha fezi cha ampea 200 itasukuma karibu mara mbili ya yenye kikomo cha 100, mradi mota yenyewe izihimili ampea hizo.

Na si kila mota huhimili. Joto kwenye koili hukua kwa mraba wa mkondo, hivyo kutoka ampea 100 hadi 150 joto huzidi maradufu. Mimi nisingenunua kontrola ya nguvu kubwa isiyosoma kihisi cha joto cha mota na kupunguza mkondo yenyewe.

Ampea za betri, kwa upande wake, hupangwa na BMS, ile bodi inayolinda seli. Ikiwa inaruhusu ampea 60 mfululizo, weka kikomo cha kontrola chini ya hapo, la sivyo BMS itakata umeme ghafla ukiwa barabarani.

Kuhusu volti, tazama betri ikiwa imejaa. Betri ya lithiamu ioni ya volti 72 yenye seli 20 zilizounganishwa mfululizo hufika volti 84. Kontrola za volti 48 mara nyingi zina kapasita (vipuri vya kutunza chaji) zinazovumilia volti 63 tu. Kuziunganisha na betri hiyo ni kuzichoma.

Tazama pia umbo la mkondo ambao kontrola huupeleka kwenye mota. Kontrola za mawimbi ya mraba, yanayoruka ghafla, ni rahisi na za bei nafuu, ila mota hunguruma. Wimbi la sine, linalopanda na kushuka kwa ulaini, huleta utulivu, hasa unapoondoka taratibu.

Ukishapandisha ampea za fezi, geukia ekseli ya mota ya gurudumuni. Msukumo huo huo hujaribu kuizungusha ndani ya fremu, na breki ya kurudisha umeme huivuta upande wa pili, hivyo nati hulegea kidogo kidogo. Ekseli ikizunguka, hukata nyaya za mota. Funga vishikio vya chuma pande zote mbili kabla ya kujaribu mpangilio mpya.