Nagona mezani: mkasi, kioo na riwaya isiyo na msuko

Rosa Mistika ningeweza kuichora. Ina kisiwa cha Ukerewe, ina baba mkali, ina binti anayechapwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Mchoraji anapata sura za kushika, mtazamaji anapata mtu wa kumlilia. Lakini Euphrase Kezilahabi aliyeitoa riwaya hiyo mwaka 1971 ndiye huyohuyo aliyetoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, na hapo penseli yangu inakosa kazi. Nagona ina msimulizi asiye na jina, safari isiyo na ramani, Bonde la Taaluma lenye mizimu ya wanafikra, Ngoma Kuu, na duara. Tukio halizai tukio. Unafunga kitabu kichwa kimejaa picha, lakini jirani akikuuliza kimetokea nini, huna pa kuanzia.

Kazi yangu ni animesheni za karatasi: nakata, napanga juu ya kioo, napiga picha, nasogeza kidogo, napiga tena. Tangu nianze kuifanyia Nagona majaribio, wenzangu wananishauri nichague kitabu chenye hadithi. Mimi naona kitabu hiki kimenifaa kwa sababu kimekwisha kukatwa na mwandishi mwenyewe. Falsafa ya Ugiriki imewekwa ubavuni mwa masimulizi ya wazee wetu, ndoto ubavuni mwa hoja, na maungio yameachwa wazi. Kolaji, yaani picha inayoundwa kwa kubandika pamoja vipande vilivyokatwa kwingine, nayo hufanya hivyo. Kwa hiyo ninachotaka kuhamisha kutoka ukurasani hadi kwenye skrini ni namna riwaya inavyokata. Matukio yenyewe yatapotea mengi, na sioni hasara.

Njia hii ilikwishapitiwa. Mwaka 1920 msanii wa Ubelgiji, Frans Masereel, alichapisha riwaya isiyo na maneno, picha 83 za kuchongwa kwenye mbao. Mtu anapata wazo, nalo linatoka kichwani mwake katika umbo la mwanamke aliye uchi. Wakubwa wanataka kumvisha nguo, aliyemzaa anauawa, mwanamke anaendelea kutembea katikati ya watu. Berthold Bartosch aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu ya karibu nusu saa, L'Idée, iliyokamilika Paris mwaka 1932, kwa muziki wa Arthur Honegger. Bartosch alikuwa amefanya kazi na Lotte Reiniger katika filamu ya vivuli ya mwaka 1926 kuhusu mwanamfalme Achmed, na huko ndiko alikozoea meza ya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, taa ikiwa chini na kamera juu. Vipande vya karatasi vililazwa kwenye vioo tofauti. Kisha akapaka sabuni kwenye vioo ili mwanga utawanyike kama ukungu.

Sabuni hiyo nimeifikiria sana. Picha za Masereel ni nyeusi na nyeupe tupu, mstari mkavu usio na huruma. Fundi mwingine angejitahidi kuuiga mstari ule ili asishtakiwe kwa kukisaliti kitabu. Bartosch aliuyeyusha. Alielewa kwamba mstari wa kuchongwa una nguvu ukurasani, pale jicho linapokaa kwa muda linaotaka, na kwamba katika filamu wazo linahitaji mwanga unaohama. Kwangu huo ndio uaminifu wa kweli kwa kitabu.

Hata hivyo kuna mahali ninaachana naye. Wazo la Masereel lina mwili, kwa hiyo lingeweza kung'aa katikati ya ukungu na kila mtu akalitambua. Nagona, kiumbe anayetafutwa katika riwaya, hashikiki. Anafuatwa, anatajwa, anaponyoka. Nikimkata katika karatasi nzuri na kumfanya akimbie, nitakuwa nimempa mtazamaji kile ambacho riwaya nzima inakataa kukitoa. Uamuzi wangu ni kwamba Nagona awe tundu.

Nieleze namna linavyofanya kazi, maana hapa ndipo palipo na moyo wa filamu nzima. Kila kioo kinabeba karatasi isiyopitisha mwanga, na kila karatasi imetobolewa tundu la umbo lake: moja refu kama mwanya wa mlango, moja la mviringo, moja la kuchanwa kwa mkono. Taa iko chini. Karatasi zikiwa zimepishana, mwanga haupiti. Nikianza kuzisogeza, kila moja kwa mwendo wake, inafika nukta matundu yanakutana na mwanga unajitokeza, unapata umbo ambalo sikulikata popote, unakimbia upande mmoja na kuzimika. Mwendo wa karatasi naupanga mimi, lakini mwendo wa mwanga unazaliwa na kukutana kwa matundu. Nikiuona kwenye fremu zilizounganishwa, hata mimi niliyeshika karatasi siwezi kusema utatokea wapi tena. Sijaona njia nyingine inayofanana zaidi na ninavyoisoma riwaya ile.

Mizimu ya wanafikra ilinipa shida ya aina nyingine. Picha zao zipo tele, na ni rahisi kukata kichwa cha Nietzsche chenye masharubu yake na kukiweka bondeni. Lakini sura inayojulikana inageuka chemshabongo: mtazamaji anaanza kutaja majina badala ya kusikiliza. Nimewajenga kwa mwili wa vitabu badala ya nyuso: pambizo, namba za kurasa, safu za faharasa, nyuzi za kushonea, majalada yaliyopauka. Hapa nina deni kwa Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi. Kolaji zake zimechanganya picha za magazeti ya mitindo na michoro ya zamani ya kitabibu, na mwaka 2013 alitoa filamu ya animesheni, The End of Eating Everything. Nilichojifunza kwake ni kuacha kipande kiendelee kukumbuka kilikotoka. Mdomo wa gazeti unabaki mdomo wa gazeti hata ukiwa kwenye kiumbe kipya, na ndiyo maana kiumbe kile kinatisha.

Kuhusu muda, hesabu ni hii: filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Sisi wa karatasi kwa kawaida tunaacha kila picha ikae fremu mbili, yaani picha 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Kishawishi ni kujaza kila sekunde kwa mwendo ili jasho lionekane. Kolaji iliyoshiba inataka kuachwa itulie, jicho lipate kuisoma. Hata ikitulia bado inaishi, kwa sababu joto la taa linakunja kingo za karatasi taratibu, na kamera inaliona hilo. Penye Ngoma Kuu nafanya kinyume chake: sisogezi kitu, nabadilisha kipande chote kwa kila picha, vipande 12 tofauti ndani ya sekunde moja. Jicho haliwezi kuvitenganisha, linaviunganisha kwa lazima, na duara linatokea lenyewe hata kama hakuna kipande kimoja cha mviringo. Vipande vya hapo vyote nimevichana kwa mkono. Karatasi iliyochanwa huonyesha nyuzi zake nyeupe ukingoni, na nyuzi hizo zikibadilika kila picha huleta mtetemo ambao mkasi hauwezi kuuleta.

Sauti bado inajengwa. Msimamo wangu ni kwamba maneno ya Kezilahabi yasomwe machache, na yasomwe skrini ikiwa nyeusi. Kiswahili chake kina mapigo yake, na picha ikipita juu ya sauti hiyo vinapigania nafasi. Kezilahabi alifariki Januari 9, 2020, na maandishi yake yana wenyewe. Ruhusa inaombwa, na kabla haijapatikana majaribio haya hayatoki nje ya chumba cha kazi.

Ninachohitaji sasa ni karatasi. Walio karibu na mitambo ya uchapaji wanajua zile zinazotupwa: zilizochapwa mara mbili juu ya maandishi mengine, wino uliohama, kurasa zilizopinduka. Ukiwa nazo, usizichome. Niandikie hapa chini, nitazifuata.