Kutumia «avoir beau» bila kujikwaa

J'ai beau crier, personne ne m'entend. Mwanafunzi wa Kifaransa anaweza kujua kila neno hapa na bado asielewe kitu: avoir ni kuwa na, beau ni -zuri, crier ni kupiga kelele. Ukiyaunganisha neno kwa neno unapata upuuzi. Mfaransa anachosema ni: napiga kelele weee, hakuna anayenisikia. Au kwa Kiswahili cha kitabuni: hata nipige kelele vipi, hakuna anayenisikia.

Zamani avoir beau ilimaanisha kuwa na nafasi nzuri ya kufanya jambo. Maana hiyo imebaki kwenye methali A beau mentir qui vient de loin: atokaye mbali hudanganya atakavyo, kwani nani atakwenda kuhakikisha? Baadaye ikaingia kejeli. Nafasi ya kupiga kelele unayo, haya, piga tu, haikusaidii.

Muundo wake hautaki mengi. Avoir hufuata nafsi na wakati, beau haibadiliki, kisha kitenzi katika umbo lake la kamusi, bila de wala à. Baada ya hapo weka mkato na useme kilichotokea. Tuchukue sentensi mbili: Je lui téléphone tous les jours (nampigia simu kila siku). Elle ne répond pas (hajibu). Ukiziunga: J'ai beau lui téléphoner tous les jours, elle ne répond pas. Tazama lui ilipohamia: imekaa mbele ya téléphoner, si mbele ya ai. Je lui ai beau téléphoner ni kosa.

Kosa linalotuandama zaidi sisi Waswahili ni mais. Tumezoea kusema «ingawa ni tajiri, lakini anakula vibaya», kwa hiyo mkono unaandika Il a beau être riche, mais il mange mal. Futa hiyo mais. Avoir beau imeshabeba ule mgongano, na mkato unatosha: Il a beau être riche, il mange mal. Usiishie njiani pia. J'ai beau travailler peke yake humwacha msikilizaji akingoja upande wa pili, isipokuwa misemo iliyozoeleka kama on a beau dire (watu waseme watakavyo). Kosa lingine ni kuandika elle a belle kwa kuwa anayesemwa ni mwanamke. Ni elle a beau, daima.

Kwenye nyakati ndipo msemo huu unanoga. J'ai eu beau lui expliquer le trajet, il s'est perdu: nilimweleza njia mpaka nikachoka, akapotea vilevile. Jambo likiwa la kujirudia au la kuendelea, tumia j'avais beau. Na kama tendo limeshakwisha ila matokeo ni ya sasa, acha avoir wakati uliopo, kisha weka kitenzi cha pili katika wakati uliopita: Elle a beau avoir dormi dix heures, elle est fatiguée, yaani amelala kwa saa kumi nzima, bado amechoka. Wakati ujao unafaa sana kwa mzazi mkali: Tu auras beau pleurer, je ne te l'achèterai pas. Lia utakavyo, sikununulii.

Kwa nini usitumie bien que (ingawa) tu? Unaweza, ila bien que inadai subjonctif, umbo maalumu la kitenzi, na haina ule uchungu wa juhudi zilizopotea. Même si (hata kama) nayo hubeba hata jambo la kukisia, kama mvua ambayo huenda ikanyesha kesho: même s'il pleut demain, je viendrai. Avoir beau hupenda jambo lililopo kweli. Nayo si lugha ya vijiweni. Iandike hata kwenye barua ya kazi.

Chunga tu ndugu yake, avoir beau jeu de. Il a beau jeu de critiquer si kwamba anakosoa bure. Ni kwamba kukosoa kwake ni rahisi, maana yeye hakuwa na mzigo wowote. Ukiona jeu na de, hesabu kwamba huo ni msemo mwingine.